Kwa Nini Landrova Ilizima

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Warda alifagia uwanja. Alianzia mlangoni, akapita mbele ya jiko, kisha akaizunguka Landrova kuukuu iliyoegeshwa kando ya ua wa makuti. Zamani alikuwa akiinama na kuchungulia chini ya gari, maana kuku walipenda kutaga huko. Siku hizi aliyavuta majani kwa ufagio tu, akaenda zake.

Gari hilo lilikuwa la baba yake, Seleman. Wakati wa masika, pikipiki zilipokwama kwenye matope ya barabara ya Mkongo, Landrova ilipita. Ilibeba magunia ya mpunga, wagonjwa, walimu wanaohama na vyombo vyao, na mara moja ilibeba mabati ya msikiti hadi Mloka.

Masika yaliyopita, Seleman alishikwa na homa. Alimeza vidonge vya maumivu, akasema, “Itapita.” Siku zikapita, homa haikupita. Alipoanza kuweweseka, mkewe Biasha alimpigia simu kaka yake, Ismaily, fundi wa magari wa Kibiti. Ismaily alikuja, kipande cha mwisho cha njia akitembea kwa miguu ndani ya tope. Wakamlaza mgonjwa kwenye Landrova, Warda akakipakata kichwa cha baba yake, safari ya kwenda hospitali ya Kibiti ikaanza.

Njiani gari lilizima. Likapumzika, likawaka. Mbele kidogo likazima tena. Ilikuwa hivyo njia nzima. Walipofika hospitalini jua lilikuwa limeshazama, na Seleman hakuiona asubuhi.

Warda hakulia. Hakulia mazikoni, wala kwenye hitima. Wanawake walimsifu wakisema, “Mtoto huyu ana moyo wa subira.” Yeye alijua kuwa si subira. Ilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu ukafa ganzi: unaugusa, unauona ni wako, lakini hausemi kitu. Alikwenda shule, akajibu maswali ya mwalimu, akarudi, akateka maji. Rafiki zake walipocheka, naye alicheka kidogo baada yao.

Jumamosi moja, mjomba Ismaily alifika akiwa na sanduku lake la spana.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Mama yako yupo?”

Mama alikuwepo. Alikuwa bado kwenye eda, hatoki nje ya ua. Aliketi barazani, kitambaa cheupe kichwani, akichambua mchele. Kando yake alikuwa shangazi Maimuna, dada yake Seleman, aliyekuwa akikaa nao tangu msiba. Shangazi alimtazama mgeni, akageuza uso.

“Umekuja kulitengeneza sasa, shemeji?” alisema. “Mtu mwenyewe ameshazikwa.”

“Wifi, jamani,” mama alisema kwa sauti ndogo.

“Niache niseme. Fundi mzima, watu wanatoka hata Ikwiriri kumfuata. Gari la shemeji yake analigusa yeye peke yake, halafu linazima na mgonjwa ndani! Nani alaumiwe?”

Ismaily aliweka sanduku chini, akafungua boneti.

“Warda,” aliita, “wewe ulikuwa ndani siku ile. Njoo unisaidie kukumbuka. Gari halizimi bila sababu. Tukilisikiliza vizuri litatuambia, lakini tusikisie.”

Warda akaenda. Kwake ilikuwa sawa tu, kwenda au kutokwenda.

“Lilipozima, lilikata ghafla, au lilikwenda likidhoofika?”

Alifikiri. “Lilidhoofika. Lilikuwa kama linakohoa, halafu likanyamaza.”

“Vizuri. Lingekata ghafla ningefikiria mengine. Likidhoofika hivyo, mara nyingi dizeli haifiki.”

Akaanza na filta ya dizeli. Aliifungua, akaitazama, akamwonyesha Warda: ilikuwa safi. Akaangalia kama kuna maji yaliyochanganyika na mafuta, hayakuwepo. Akakagua mipira na mabomba, akaipima pampu, akatoa upepo kwenye njia ya mafuta. Kisha akawasha. Injini ikanguruma vizuri, kama gari lisilo na shida yoyote duniani.

“Limepona?” Warda aliuliza.

“Hatujatengeneza kitu, litaponaje? Fundi mvivu angekabidhi gari hapa. Twende barabarani, tukaone kama litarudia.”

Waliondoka kuelekea Kibiti. Kulikuwa kukavu sasa. Vumbi jekundu liliinuka nyuma yao. Walipita mashamba ya ufuta, wakapita watoto wanaouza matango. Mwendo ukawa mzuri kwa muda mrefu. Halafu Landrova ikaanza kukohoa. Ikapungua nguvu, ikasimama.

Warda aliyatazama mapaja yake mahali kichwa cha baba kilipokuwa kimelala. Hakuhisi kitu.

Mjomba alishuka haraka. Alilegeza nati ya bomba karibu na filta. Tone moja la dizeli likatoka, basi.

“Umeona? Tangi limejaa zaidi ya nusu, lakini huku mafuta hayafiki. Sasa usiliache lipumzike. Nenda kafungue mfuniko wa tangi, polepole, na sikio lako liwe karibu.”

Warda akauzungusha mfuniko. Ulikuwa mgumu. Ulipoachia, hewa ikavutwa kuingia ndani: *fyuuu!* Ilikuwa kama mtu aliyezama akaibuka kuvuta pumzi.

“Mjomba, kuna kitu kimevuta hewa.”

Ismaily alitoa upepo tena, akarudi kwenye usukani, akawasha. Gari likawaka mara moja.

Kwenye kiti kulikuwa na chupa ya maji ya plastiki. Mjomba aliichukua, akaibana kwa midomo na kufyonza maji bila kuachia hewa iingie. Chupa ikabonyea mbavu zake, na maji yakagoma kutoka.

“Tangi nalo ni hivyo hivyo. Dizeli ikitoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Ndiyo maana mfuniko una kitundu. Kikiziba, pampu inavuta, inavuta, mwisho inashindwa. Gari likikaa, hewa inapenya kidogo kidogo, linawaka tena. Lete mfuniko.”

Waliugeuza. Kwa ndani ulikuwa umezungushiwa nailoni nzito ya mfuko wa mbolea, ikakazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kitundu kilikuwa chini yake.

Warda aliitambua nailoni ile. Mwanzoni mwa masika alikuwa ameketi kwenye ngazi akila muhogo, akamwona baba akiikata kwa kisu. Mpira wa mfuniko ulikuwa umeoza na maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye mafuta. “Nikienda Kibiti nitanunua mwingine,” baba alisema, akaendelea kufunga. Alikuwa anapiga mluzi.

Mjomba aliutazama ule ukanda kwa muda. Kisha akaukata, akaitoa nailoni na kuitia mfukoni. Hakuuliza kitu, wala Warda hakusema kitu. Walirudi nyumbani Mkongo kitundu cha mfuniko kikiwa wazi, na gari halikuzima.

Nyumbani, Ismaily alimweleza dada yake ubovu aliouona. Shangazi Maimuna akasimama.

“Nailoni? Nani aliiweka?”

Mjomba alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa. Alikaa kimya.

“Unanyamaza! Basi ni wewe. Ulifanya kazi ya kulipua, ukamtia kaka yangu kaburini. Wallahi, sitakaa nawe kwenye jamvi moja tena!”

Warda alimtazama mjomba wake, akangoja ajitetee. Hakujitetea. Ndipo alipoelewa. Mjomba alikuwa ameujua mkono uliofunga ule ukanda, na alikuwa tayari kuubeba mzigo huo ili marehemu asisemwe vibaya mbele ya dada yake na mjane wake. Angenyamaza naye, mambo yangeishia hapo. Jina la baba lingebaki safi. Lakini mjomba angeondoka na sanduku lake, na huenda asirudi.

“Shangazi,” alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. “Ni baba aliyeweka. Nilimwona kwa macho yangu. Mvua ilikuwa inaingia kwenye tangi. Mjomba hakujua.”

Mama aliacha kuchambua mchele. Shangazi alikaa chini taratibu, akafunika uso kwa ncha ya khanga, akalia. Baadaye alisema bila kuuinua uso, “Nisamehe, shemeji. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia.”

“Yamekwisha,” Ismaily alijibu. Jumatatu yake alileta mfuniko mpya, akakaa nao siku chache.

Haikupita wiki, Haruna, mtoto wa jirani, akapata homa. Mama yake alikuja kuomba vidonge vya maumivu. “Nitampa hivi, tuone kesho ataamkaje,” alisema.

Mama Warda alisimama barazani. “Hapana, mwenzangu. Mume wangu naye tulisema kesho. Ismaily yupo, gari lipo. Mpeleke leo akapimwe damu. Warda, nenda nao, usaidie kumshika mtoto.”

Warda akapanda. Njia ilikuwa ile ile, na kiti kilikuwa kile kile. Haruna alilala kichwa chake kikiwa mapajani mwake, kikiwa cha moto. Landrova haikukohoa hata mara moja.

Hospitalini walimpima, wakakuta malaria. “Mmefanya vizuri kumleta mapema,” muuguzi alisema, akaanza kumpa dawa. Warda na mjomba walikaa nje kwenye benchi.

“Mjomba,” Warda alisema, “gari lisingezima, baba angepona?”

Ismaily alimgeukia.

“Sijui, mwanangu. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya. Huenda angepona, huenda tulishachelewa tangu nyumbani. Ninachojua ni hiki. Baba yako alikuwa mtu mwema, na mtu mwema naye hukosea. Aliziba mfuniko akasema atanunua mwingine, na homa nayo akaituliza kwa vidonge akasema itapita. Gari na mwili, vyote vinataka utafute chanzo, na utafute mapema. Kufunika si kutengeneza.”

Kisha akaendelea. “Na jambo jingine. Siku ile nilinyamaza nikidhani namsitiri marehemu. Wewe ulisema kweli, na kweli yako imetupatanisha. Kama ungeificha, mimi na shangazi yako tungekuwa maadui hadi leo, nami nisingekuwepo kuendesha gari. Mama yako angeendelea kulilaumu gari tu, asingesema maneno yale barazani. Haruna angekuwa bado amelala nyumbani, wanangoja kesho. Usiogope kusema kweli, hata inapomgusa unayempenda.”

Warda alifungua mdomo aitikie. Kitu kilianza kuuma kifuani, kikapanda, kikaja machoni. Akalia kwa sauti, mbele za watu, bila kujizuia.

Mjomba hakumwambia anyamaze. Alisogea karibu, akampa bega, wakakaa hivyo mpaka mama yake Haruna alipotoka mlangoni na kusema kwamba mtoto ameomba maji, na ameyanywa yote.