Namba za Mama Anastasie

Kila Jumatatu asubuhi, Mama Anastasie alishusha kamba kisimani. Kamba ilikuwa na mafundo, fundo moja kila mita. Alihesabu mafundo mpaka kwenye maji, kisha akaandika namba katika kaye, daftari lake la kisima.

Kazi ilikuwa rahisi. Kichwa chake ndicho kilichovurugika. Kwao Kingi, huko Masisi, maji hutoka kilimani na unayaona kwa macho. Vita vilimleta huku karibu na mpaka wa Rwanda, kwenye mawe meusi yasiyo na hata kijito. Na Adelaïde, mfanyakazi wa maji, alimwambia jambo la ajabu: maji ya chini ya kisima hiki yanafika hadi ng'ambo ya mpaka, na namba zake zitasomwa huko pia.

"Ju ya nini basome maji yetu?" aliuliza.

"Ju iko maji moja, Mama."

Moja vipi? Anastasie hakuelewa. Alichojua ni kwamba kule Masisi, aliyekuja kuhesabu mbuzi wako leo alirudi kesho kuwachukua. Basi kamba iliposema kumi na mbili, yeye aliandika ishirini. Wakidhani kisima kinakauka, watatuacha. Alijiona mjanja kweli kweli.

Mwezi wa pili, Adelaïde alikuja na kufuli.

"Pole, Mama. Tulipatana na bantu ba ngambo. Kisima ikipita mita kumi na nane, inafungwa mpaka mvua."

Anastasie alisimama mbele ya kisima. Mkwewe Tuyizere alikuwa amejifungua juma lililopita. Bila kisima, wangerudi kwenye maji ya dimbwi, yale yaliyowaletea kipindupindu mwaka jana.

"Usifunge, dada! Nilidanganya. Iko kumi na mbili."

Adelaïde alishusha kamba mwenyewe. Kumi na mbili. Hakufoka. Alijaza changarawe katika beseni, akamimina maji, akachimba vishimo viwili na kuweka kijiti katikati.

"Hii kijiti njo mupaka. Chota upande yako."

Anastasie alichota kwa kikombe. Kishimo cha pili nacho kikashuka, na hakuna aliyekigusa! Alikitazama kijiti. Kilikuwa palepale.

"Kumbe nikichota sana, nabapunguzia?"

"Na bao bakichota sana, banakupunguzia. Njo maana kila mutu anapima, na anasema kweli."

"Na ile ishirini yangu, baliiona?"

"Baliona. Kisima yabo ilikuwa na maji, lakini baliacha kumwangia mashamba ju mupate maji ya kunywa. Maharagi yabo imekauka."

Anastasie alikaa chini, aibu imemjaa. Watu aliowaficha maji walikuwa wameacha shamba likauke ili yeye anywe.

Siku hiyohiyo alifuta namba zote za uongo, na Adelaïde akapeleka habari ng'ambo. Kisima hakikufungwa. Mtoto wa Tuyizere akaogeshwa kwa maji safi, na ng'ambo wakapanda upya.

Kiangazi kilipofika, namba ya ng'ambo ilikuja: kumi na saba. Anastasie aliwasomea wanawake waliopanga foleni na madumu yao.

"Leo kila mutu bido moja."

"Lakini kisima yetu iko bado na maji!" mmoja alilalamika.

"Yabo inashuka," alisema Anastasie. Alijaza bido lake moja, na la pili akalirudisha nyumbani tupu.