Mstari Usiogusa Duara

Kila siku akitoka shule, Nelly hupitia nyumbani kubadili sare, hula viazi vitamu au chochote kilichobaki, kisha hukimbilia karakana ya mama yake kule Ibadakuli. Kazi yake ya kwanza ni kufagia vumbi la chuma. Ya pili ndiyo aipendayo: kukaa katika chumba kidogo chenye kompyuta na kuchora.

Mama yake, ambaye mafundi na wateja humwita Mama Nelly, alisomea uchoraji katika chuo cha ufundi. Mageti na vipuri vyote vya karakana huchorwa kwanza kwenye kompyuta, halafu mchoro hupelekwa kwa flashi kwenye mashine inayokata chuma kwa moto ikifuata mistari ile ile. Nelly alikuwa darasa la saba tu, lakini tayari aliaminiwa kuchora vitu vidogo. Shuleni alitembea kwa maringo kidogo kwa sababu hiyo.

Mwezi huo walipata kazi kutoka machimbo ya Geita. Mzee Maduhu, mwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, alitaka vifuniko vya kukinga mikanda ya mashine zake. Kijana wake mmoja alikuwa amenaswa shati na mkanda akaumia mkono, na mzee hakutaka jambo hilo litokee tena. Umbo la kifuniko lilionekana rahisi: duara kubwa upande mmoja, duara dogo upande wa pili, na mistari miwili iliyonyooka, mmoja juu na mmoja chini, ikiyaunganisha kama mkanda unavyozunguka magurudumu mawili. Mama alimweleza Nelly kwamba kila mstari lazima uwe tanjenti, yaani uguse ukingo wa duara mahali pamoja tu, usilikate wala usipite pembeni.

"Ukikosea hapo, mstari na tao la duara havitaungana," alisema. "Mashine haitakusahihisha. Itakata ulichochora."

Kulikuwa na kitu kimoja kilichomkera Nelly. Kila alipokaribia duara, alama ndogo ya kijani ilitokea na mshale ukaruka wenyewe kwenda kunasa mahali fulani. Yeye alitaka uende anakotaka yeye. Akakiona kitufe cha kuzima mnaso huo, akauzima, akachora kwa kukadiria kwa macho. Mistari ilionekana imegusa duara vizuri kabisa. Lakini kesho yake alikuta mnaso umewashwa tena. Akauzima. Siku iliyofuata, umewashwa. Basi kuna mtu alikuwa anachezea mchoro wake, na Nelly hakuhitaji kufikiri sana kujua ni nani.

Masudi alikuwa fundi mgeni. Kwao ni Kigoma, alikuwa amefanya kazi machimboni kwa miaka kadhaa, na sasa ndiye aliyeendesha mashine ya kukatia. Alikuwa mkimya, alikula peke yake, na hakuna aliyejua kwa nini aliacha kazi ya kwanza. Nelly alimsimulia rafiki yake Ghati wakati wa mapumziko.

"Mtu wa machimbo huyo," Ghati alisema. "Anaachaje dhahabu aje kukata mageti? Lazima kuna kitu alifanya huko. Mchunguze."

Nelly akaanza kumchunguza. Aliona doa la grisi kwenye kipanya cha kompyuta, na grisi ilikuwa mikononi mwa Masudi. Aliona Masudi akinyamaza kila yeye alipopita, akasahau kwamba Masudi alinyamaza mbele ya kila mtu. Jioni moja alichungulia dirishani akamkuta ameinama mbele ya skrini, mchoro wa kifuniko ukiwa wazi mbele yake. Alifurahi kwamba amempata, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Vifuniko vilikatwa siku ambayo Mama Nelly alikuwa Tinde akifunga geti. Mzee Maduhu alipokuja kuvichukua, alipitisha kidole pembeni mwa cha kwanza, akasimama. Pale mstari ulipokutana na tao palikuwa na jino la chuma lililochomoza. Upande wa pili palikuwa na kishimo.

"Mayu, mama yangu, nikifunga hii itakula mkanda wangu," alimwambia Mama Nelly kwa upole. "Nitarudi Jumamosi. Kama bado, nitatafuta kwingine."

Mama aliwakusanya mafundi, akauliza kilichotokea. Nelly hakungoja aulizwe. Alisema mbele ya wote kwamba Masudi huingia kwenye kompyuta kwa siri, kwamba amemwona kwa macho yake, na kwamba mchoro wake ulikuwa mzima kabla ya hapo. Masudi alikubali kwamba aliufungua. Alisema alitaka kuona kipimo cha tundu la boliti ili achague keekee ya kutobolea, na hakubadilisha chochote. Maneno yake yalikuwa machache, na mafundi wengine walitazamana. Mama Nelly, aliyekuwa na hofu ya kumpoteza mteja, alimwambia akabidhi ufunguo wa karakana na asirudi mpaka aitwe. Masudi aliuweka ufunguo mezani akaondoka. Alikuwa na mke na mtoto mchanga katika chumba cha kupanga, na wote pale walilijua hilo.

Nelly aliambiwa achore upya. Kabla ya kuanza, alitaka kwanza kuona Masudi ameharibu wapi, ili amwonyeshe mama. Aliukuza mchoro pale penye jino. Akaukuza tena, mpaka tao likajaa skrini nzima. Mstari wa juu ulikuwa umeingia ndani ya duara na kulikata. Ule wa chini ulipita nje bila kuligusa. Nelly alitabasamu, kisha wazo lingine likamjia. Alifungua mchoro wake wa kwanza wa kifuniko, alioujaribia siku alipouzima mnaso na kuuweka kwenye flashi yake ya mkobani, ambayo Masudi hakuwahi kuishika. Akaukuza. Makosa yalikuwa yale yale.

Kwa mbali, mstari ulionekana umegusa. Kwa karibu, haukugusa kamwe. Ile alama ya kijani iliyomkera ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha mahali hasa pa kugusa.

Aliwasha mnaso, akavuta mistari upya, safari hii yote ikakaa barabara. Mchoro ulikuwa tayari. Angeweza kunyamaza. Vifuniko vingetoka vizuri, na kila mtu angesema, mnaona, Masudi ameondoka na kazi imenyooka. Alikaa pale akitamani sana kunyamaza. Mwishowe akamwita mama yake, akamwonyesha mchoro wa zamani, akasema, "Mama, ni mimi. Kaka Masudi hakugusa kitu. Mimi ndiye niliyezima mnaso."

Mama aliukuza mchoro mwenyewe.

"Na anayeuwasha ni mimi," alisema. "Ninachora mageti asubuhi ukiwa shule. Ungeniuliza ningekwambia. Nami nilipaswa kuukagua mchoro kabla haujakatwa. Twende kwa Masudi sasa hivi. Kesho, yale uliyoyasema mbele ya mafundi utayafuta mbele ya mafundi."

Nelly aliyafuta. Masudi alisema yamekwisha, akarudi kwenye mashine, na Jumamosi Mzee Maduhu akapakia vifuniko vyake akiwa ameridhika. Lakini alasiri hiyo Masudi alipohitaji kipimo cha tundu kwa kazi nyingine, hakuingia chumba cha kompyuta. Alimtuma mwenzake akamsomee.

Nelly aliliona hilo, likamuuma. Alimuuliza mama kwa nini Masudi bado haingii wakati ameshaombwa radhi.

"Kwa sababu kumshuku mtu ni rahisi, kumrudishia heshima yake ni kazi," mama alijibu. "Ulimchunguza Masudi mpaka vidole, lakini mstari wako hukuuchunguza hata mara moja. Ulichokiona kilikuwa karibu na ukweli, mwanangu. Hakikuugusa. Anza kukagua kazi yako kabla ya kumkagua mwenzio."

Nelly aliinuka kwenye kiti, akatoka nje hadi kwenye mashine, akamwomba Kaka Masudi aje wautazame mchoro pamoja.