Gauni Lililobaki Pana

Walikutana sokoni siku shule zinafunguliwa, pale kwenye kibaraza cha mafundi cherehani, wazazi wakigombania sare. Mwanamke alikuwa mwalimu wa chekechea. Zipu ya sketi ilikuwa imemkatikia njiani, akajifunga sweta kiunoni kuficha. Fundi alikuwa na tepu shingoni na pini mdomoni.

"Foleni iko kule, dada."

"Nikienda kule watu wote wataniona nyuma."

Fundi akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Basi simama hapa, mgongo uangalie ukuta."

Tangu siku ile fundi akawa anamwita Mwalimu, na yeye akamwita Tepu. Ile sketi ilirudi kwa fundi mara nyingi hata bila kuchanika. Wakaoana.

Mimba ilipoingia, Tepu akamshonea gauni la bluu lenye marinda mengi kifuani. "Nimeacha nafasi ya kutosha, mama kijacho. Huyu wetu atakuwa bonge."

Lakini gauni likabaki pana. Kliniki, nesi alimpima tumbo kwa tepu, akapima tena. Ultrasaundi ikaonyesha mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani, na kama amepata homa karibuni. Alikuwa ameipata, ile iliyopita darasani, na yeye ndiye anayefuta makamasi na kubadilisha nguo za waliojikojolea. Daktari akaagiza damu ikapimwe.

Akampigia mumewe akiwa nje ya maabara, miguu imevimba. Upande wa pili vyerehani vinanguruma.

"Tepu, wanasema huenda ni virusi."

"Ni nini?"

"Virusi. Wamechukua damu, majibu wiki ijayo. Nimechoka, nitakueleza nyumbani."

Simu ikakatika, Tepu akabaki ameishika sikioni. Mtaani kwao mtu akisema fulani ana virusi, hakuna anayeuliza virusi gani. Na mwanzo wa mimba walipima wote wawili, wakaonekana wazima. Sasa hivi vimetoka wapi?

Jioni akala matonge mawili, akasema ana sare nyingi, akarudi dukani. Akalala huko huko juu ya vitambaa. Kesho yake pia. Mwalimu akimpigia, anaongea naye kama mteja.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Utarudi leo?"

"Kazi nyingi."

"Tepu, ni mtoto anayekukimbiza? Kwa sababu ni mdogo?"

"Mtoto hana kosa," akasema, akakata.

Maneno hayo yakamkaa Mwalimu kifuani. Nani basi mwenye kosa? Yeye, aliyebeba watoto wa watu mpaka wa kwake akashindwa kukua? Alilia kidogo tu, maana kulia nako kunachosha. Akaweka mkono tumboni akingoja teke. Likaja, dogo.

Siku ya majibu alienda peke yake, gauni linamning'inia. Hajakaa vizuri kwenye benchi, Tepu akatokea, shati halijapigwa pasi, macho mekundu. Akakaa mbali kidogo.

"Nimepima jana," akasema chini chini. "Mimi mzima. Lakini nimefikiria. Hata kama wewe unavyo, sikuachi. Dawa zipo, mtoto tutamlea. Ila niambie umevipata kwa nani."

Mwalimu akamgeukia polepole. "Kwa nani?"

"Ndiyo."

"Kwa makamasi, Tepu. Kwa watoto wa chekechea."

"Watoto?" Tepu akauliza.

"Viko virusi vingi. Hivi watoto wanakuwa navyo kwenye mate na mkojo. Mtu mzima anaona mafua tu, ila vikimfikia wa tumboni vinaweza kumzuia kukua. Ndicho nilichotaka kukueleza jioni ile, ukaenda kulala na sare za watu."

"Niliogopa kuuliza."

"Na mimi nikalala najua unamkimbia mwanao."

Tepu akasogea mpaka mabega yakagusana. "Nisamehe, mke wangu."

"Leo sina nguvu ya kukasirika. Nitakasirika kesho. Shika mkoba."

Daktari akawaambia damu inaonyesha virusi hivyo alivipata zamani, kabla ya mimba. Hatari ni ndogo, ingawa ipo.

"Basi mbona mtoto ni mdogo?" Mwalimu akauliza.

"Bado hatujui, mama. Wengine ni wadogo tu. Tutaendelea kumfuatilia."

Nesi akatoa tepu, akaipitisha juu ya tumbo. Mwalimu akamzuia mkono. "Mwache huyu asome. Ndiyo kazi yake."

Tepu akainama. Akaweka kidole juu ya namba, akailinganisha na ya wiki iliyopita kwenye kadi ya kliniki.

"Limeongezeka," akasema.

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Kama upana wa pindo."

Mwalimu akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

Walipotoka, Tepu akalitazama gauni lile la bluu linavyopepea. "Nikupunguzie? Linakumeza."

"Usiliguse," Mwalimu akasema, akamwegemea maana miguu ilikuwa inauma. "Liache hivyo hivyo. Atalijaza."