Mabuti Yaliyoelekea Mlangoni

Mvua ilianza bila kubisha hodi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, treni ya wafanyakazi imetoka kumwaga abiria wake stesheni, na watu wapatao mia mbili wakakimbilia chini ya daraja la waenda kwa miguu. Mmoja wao akakanyaga kopo la gundi.

"Samahani! Samahani sana, dada."

"Samahani haigandishi soli," akajibu mwenye kopo bila kuinua kichwa.

Alikuwa fundi viatu, binti wa miaka ishirini na sita aliyerithi kiti, nyundo na ukali kutoka kwa marehemu baba yake. Siku hiyo alivaa aproni ya jinzi, kilemba cha rangi ya chungwa na hereni kubwa zilizolia kila alipogonga msumari. Kiti chake kilikuwa kifupi. Kwa miaka saba alikuwa akiwaona watu kuanzia chini kwenda juu, na wengi wao hakuona sababu ya kufika juu.

Kwa huyu, macho ya Fundi yalipanda. Viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma. Suruali ya kijivu yenye madoa ya grisi. Uzi mweusi shingoni, umening'iniza ufunguo mdogo. Halafu uso, na hapo Fundi akakawia kidogo kuliko inavyoruhusiwa kwa mgeni aliyekumwagia gundi.

"Kazi yako nini wewe, hata huoni unapokanyaga?"

"Fundi wa lifti. Nimezoea kuangalia juu."

"Ohoo. Kwa hiyo unapandisha watu."

"Na kushusha."

"Basi leo umenishusha, Bwana Lifti."

Kijana akacheka, na kicheko kile kikamkaa Fundi mahali pabaya, yaani moyoni. Akachutama, akatoa mfuko wa plastiki na ndani yake jozi ya mabuti ya jeshi. "Hata hivyo nilikuwa nakuja kwako. Niwekee soli mpya."

Fundi akayageuza. Akapitisha kidole gumba kwenye kisigino, akachokonoa tope jekundu kwa ncha ya sindano.

"Mwenyewe anakokota mguu wa kushoto."

Kijana akaacha kutabasamu. "Alikuwa anakokota. Aliteguka mazoezini mwaka wake wa kwanza, hakupona sawasawa."

"Anakokota. Tope hili bado bichi. Haya mabuti yalitembea jana tu."

"Dada, mwenye mabuti ni kaka yangu. Tumemzika miezi minane iliyopita."

Treni nyingine ikapita. Fundi akayaweka mabuti chini taratibu, akafuta kidole chake kwenye aproni. Akakifuta tena.

Kesho yake soli zilikuwa tayari, na kwenye kila kisigino misumari minne iliyopangwa kwa umbo la almasi. Ilikuwa alama ya baba yake, na mji mzima hapakuwa na fundi mwingine aliyeipiga. Bwana Lifti akachukua mabuti, akashukuru, akaondoka. Kesho kutwa akarudi na kandambili iliyokatika.

"Hii umeikata kwa kisu," Fundi akasema.

"Ameila mbwa."

"Mbwa mwenye wembe?"

"Mbwa wa siku hizi wamesoma."

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa kandambili isiyo na kosa. Ikafuata chai ya saa nne kwenye vikombe vya plastiki, na baada ya chai zikafuata simu. Kila jioni Fundi alijilaza kitandani akiwa na simu sikioni, akicheka mpaka jirani anagonga ukuta.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula. Mama hakugusa chake. Nimemwacha asubuhi amekaa roshanini, nimemkuta amekaa palepale. Tangu msiba hashuki hata ngazi. Anasema miguu haimtaki."

"Mpe pole. Sauti yako leo ina nini?"

Kijana akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mabuti yaliletwa na jeshi pamoja na mwili, ndani ya sanduku la chuma la kaka yake. Yeye alilifunga sanduku kwa kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. Ufunguo wa pili ulipotea siku ya mazishi. Lakini kila jioni akirudi kutoka kazini huyakuta mabuti mlangoni, ncha zimeelekea nje, soli zimejaa tope jekundu. Mtaa wao wote ni lami na saruji. Udongo mwekundu upo sehemu moja tu, ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa kambi wanapoandikisha askari wapya.

Nywele za Fundi zikamsisimka shingoni. "Umemuuliza mama?"

"Nimuulize nini? Tangu tuzike hajataja hata jina la kaka. Sitaki kumuua kabla ya siku zake." Akashusha pumzi. "Fundi, kaka ananiita. Nimeshaandikisha jina. Ijumaa ijayo wataita majina getini. Anayeitikia anapanda lori siku hiyohiyo. Umri wangu ukivuka mwaka huu, basi tena."

"Na wewe unataka kwenda, au mabuti ndiyo yanataka?"

"Sijui. Kweli sijui. Nikiyaona pale mlangoni naona aibu kukaa."

"Basi sikia la kwangu. Nakupenda. Sitaki siku moja niletewe sanduku na ufunguo wake."

"Hujawahi kusema unanipenda."

"Nimesema. Usianze kuringa."

Zilikuwa siku kumi tu tangu soli ziwekwe. Akarudi na yale mabuti, uso umemshuka. Soli mpya zilikuwa zimelika kama za mtu aliyetembea miezi mitatu, na ya kushoto ilikwanguka ukingoni, vilevile kama ya zamani. Akamwachia, akawahi kazini.

Fundi akaviweka kando viatu vya wateja wote. Akang'oa kitambaa cha ndani cha buti la kulia na kukigeuza kwenye mwanga. Ncha ilikuwa imeshindiliwa magazeti ili kupunguza nafasi. Juu ya kitambaa, jasho lilikuwa limechora unyayo: vidole vitano vidogo na kisigino chembamba. Akauweka mguu wake juu yake. Ukaenea.

Akampigia simu mara moja.

"Anayevaa mabuti haya si kaka yako. Ni mtu wa mguu mdogo, kama wangu."

"Kama wako."

"Ndiyo."

"Na mabuti yako kwako tangu asubuhi."

Fundi akaelewa mzigo anaobebeshwa, na joto likampanda masikioni. "Unataka kusema nimeyavaa mimi?"

"Nasema hutaki niende."

"Sitaki, hilo sikufichi. Lakini soli haidanganyi."

"Kaka yangu si mchezo wa kujibakizia mwanamume, dada."

Dada! Baada ya kipenzi, na laazizi, na majina mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, leo dada. Simu ikakatika. Jioni akaja kuchukua mabuti bila salamu, akiangalia juu kama kawaida ya kazi yake.

Wiki ya Ijumaa ile ilianza kwa mvua. Kivuko cha chini ya reli kikajaa maji, na watu wote waliozoea kupita huko wakahamia darajani. Jumatano, saa nne asubuhi, Fundi alikuwa anashona mkanda wa kiatu cha mwalimu, macho mekundu kwa kulia, miguu ya watu ikipita mbele yake mamia kwa mamia. Ndipo akasikia hatua moja iliyotofautiana na zote. Moja inakanyaga, nyingine inakwangua. Inakanyaga, inakwangua.

Yale mabuti yakapita hatua moja kutoka kwenye magoti yake. Kwenye visigino akaiona misumari yake mwenyewe.

Akainua macho taratibu, maana aliogopa atakachokiona. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye gauni la maua, mwenye mvi chache na ufunguo mdogo shingoni. Uso ule Fundi aliujua, ingawa alizoea kuuona kwa kijana wa kiume. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Mwendo haukuwa wa mwanamke. Ulikuwa wa mwanamume mrefu, mabega nyuma, akiburuta mguu unaomuuma.

Fundi akatupa sindano, akamfuata. Wakavuka daraja, wakashuka upande wa pili, lami ikaisha na udongo mwekundu ukaanza. Getini mwa kambi vijana wa mazoezi walikuwa kwenye mstari. Mama yule akaenda kusimama mwisho wa mstari, mikono ubavuni.

Sajini mmoja mwenye kitambi akamsogelea Fundi. "Huyu ni mama yako?"

"Ni mama wa... mchumba wangu," akasema, na neno lenyewe likamshtua.

"Mchukueni jamani. Kila siku yuko hapa. Naita majina, naye anaitikia jina la mwanawe marehemu. 'Nipo!' Mwanzo tulimfukuza. Siku hizi vijana wangu wanamwogopa. Waliomjua marehemu wanasema ule ni mwendo wake kabisa." Akashusha sauti. "Na tangu juzi ameacha jina hilo. Anaitikia jingine."

Akalitaja. Lilikuwa jina ambalo Fundi alilihifadhi kwenye simu yake, na alama ya moyo pembeni.

Alipiga simu mara kumi na nne. Haikupokewa. Akaandika ujumbe: *Ni mama yako. Nimemwona kwa macho yangu.* Jibu likaja haraka: *Mwache mama yangu.* Baada ya hapo namba yake ikafungiwa, na mtu akishakufungia, hata ukweli unakosa mlango.

Ijumaa asubuhi Bwana Lifti aliamka na kukuta sanduku liko wazi na mabuti hayapo. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa. Akadhani amelala, akamshukuru Mungu kwa kutolazimika kumuaga. *Kaka ametangulia,* akawaza. Akavaa viatu vyake vya kazi, akavuka reli peke yake.

Saa tatu, lori lilikuwa linanguruma ndani ya geti. Vijana arobaini kwenye tope, na nje ya uzio mama zao, wake zao, na Fundi mwenye kilemba cha chungwa akiwa ameushika waya kwa mikono miwili. Kijana alimwona. Akageuza uso.

Sajini akaanza kuita. Mmoja, nipo. Wa pili, nipo. Kila aliyeitikia alipanda lori na hakutazama nyuma. Kisha likaitwa jina lake.

Akafungua kinywa. Alimfikiria kaka yake, alimfikiria mama pale roshanini, akavuta pumzi ili aseme.

"Nipo!"

Sauti ilitoka nyuma yake. Mstari mzima ukageuka. Mama yake alikuwa amesimama mwisho, kwenye gauni la maua, ndani ya mabuti ya mwanawe, kidevu juu.

"Mama?"

"Limeshaitikiwa, Sajini," mama akasema kwa utulivu. "Andika. Jina likishaitikiwa haliitwi mara ya pili."

"Mama, ni mimi. Umefikaje hapa?"

"Wewe rudi nyumbani, mwanangu. Jina la mkubwa nilichelewa kuliitikia. Nilikuwa nafua." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya miezi minane, bila sauti. "Niliiona fomu yako chini ya mto. Safari hii nikasema sichelewi."

Kijana akapiga magoti kwenye tope. Akafungua kamba, akavuta buti moja, halafu la pili. Magazeti yakaanguka. Nyayo zilikuwa ndogo, na malengelenge yalikuwa yamepasuka juu ya malengelenge. Kila siku alipokuwa anatengeneza lifti za watu, miguu hii ilikuwa njiani badala yake.

"Kijana," Sajini akaita, si kwa ukali. "Unaitikia au huitikii? Lori halisubiri."

Akalitazama lori. Akaitazama ile miguu mikononi mwake.

"Ameshaitikia mama," akasema. "Na mimi nimekuja kumchukua."

Sajini akapiga mstari juu ya karatasi, akaita jina linalofuata.

Fundi alikuwa ameshaingia getini. Akavua ndala zake, akamvalisha mama, zikamwenea. Kijana akafunga mabuti pamoja kwa kamba zake, akayatundika begani, akamgeukia Fundi.

"Nilikuita mwongo. Samahani."

"Samahani haigandishi soli."

"Kinachogandisha ni nini?"

"Gundi. Na kuishikilia mpaka ikauke."

"Basi nishikilie." Akanyoosha mkono. "Unaweza kuolewa na mtu wa kupandisha na kushusha?"

"Ukipandisha kuliko kushusha, nitafikiria." Lakini mkono alikuwa ameshampa, na alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Wakaanza kurudi, kijana amemshika mama mkono, Fundi pekupeku hatua moja nyuma yao. Kwa mazoea ya kazi yake akatazama chini, kisha akageuka kuangalia walikotoka. Kulia, nyayo za kijana. Katikati, ndala. Nyuma yake, vidole vyake mwenyewe. Na kushoto kwa mama, zikielekea nyumbani pamoja nao, alama za mabuti makubwa, mbichi, maji ndio kwanza yanaingia ndani. Kwenye kila kisigino misumari minne, umbo la almasi. Mguu wa kushoto ulikuwa umekokotwa.

Mabuti yenyewe yalikuwa yananing'inia begani mwa kijana, yakidondosha tope.

Fundi akainama, akaigusa alama moja kwa kidole.

"Msiende mbio hivyo, wanangu," mama akasema bila kugeuka. "Mguu wake wa kushoto unamsumbua."

Wakapunguza mwendo.