Rambirambi Bila Maiti

Siku ya soko mtaani Buyenzi hapapitiki, na duka la vitambaa la Mzee Suud lilikuwa limejaa pomoni. Houda, bintiye, ushungi wa zambarau umemteleza begani, alikuwa akikunja kitenge pale kijana mwenye ovaroli iliyolowa mafuta ya gari alipoomba bafta nyeupe, mita nyingi.

"Inna lillahi! Pole, kaka. Nani alikufa?"

"Apana, dada, hakuna mutu alikufa. Ni ya kuandika banderoli, mabango ya maandamano. Ile kambi wanajeshi wa kigeni wanataka kujenga itameza makaburi yetu. Mama yangu iko amelala pale."

Mzee Suud akasogea. "Bafta yote hiyo ya nini?"

"Ya sanda, baba," Houda akawahi, mzee asije akakataa kuwauzia waandamanaji. Yakaishia hapo, maana sanda haipatanwi bei wala mnunuzi hahojiwi.

Kijana aliitwa Ilyasi. Aliondoka na namba ya Houda, na jioni akapiga simu kushukuru. Baadaye akawa anapiga kusikia kicheko chake tu.

"Allô, muuza sanda wangu."

"We fundi, umenawa mikono?"

"Nimenawa. Tukizuia ile kambi, naleta posa kwa mzee."

"Na musipoizuia?"

"Naleta tu, chérie!"

Houda akapenda, akapenda mpaka chakula kikamshinda.

Lakini Mzee Suud alikuwa muungwana, na muungwana hauzi sanda akakaa kimya. Alivaa kanzu akaenda kwa kina Ilyasi kutoa rambirambi. Hakukuta turubai wala kilio. Akawauliza majirani, kwa sauti, ile bafta ilikwenda wapi basi. Neno likatoka uani likawafikia wasiotakiwa. Kesho yake wenye bunduki wakazoa banderoli zote, pamoja na Radjabu, rafiki wa Ilyasi aliyekuwa akiziandika.

"Baba yako alikuja kupeleleza," Ilyasi alifoka kwenye simu. "We ndo ulimutuma!"

"Wallahi apana! Alikuja kutoa pole! Mi nilimudanganya juu yako..."

Simu ikakatwa.

Kambi ikajengwa. Senyenge ikazungushwa mpaka makaburini, na siku za Ijumaa watu wakawa wanawasomea wafu wao Fatiha wakiwa barabarani.

Ndipo asubuhi moja Ilyasi akaingia dukani, safari hii kwa kanzu iliyopigwa pasi.

"Baba yako alinieleza yote jana musikitini. Ulisema kweli, Houda. Unisamehe."

Moyo ukamruka kwa furaha. "Nilishakusamehe zamani, we mujinga." Akavuta jora la bafta, akicheka na kulia. "Ya banderoli ingine?"

"Apana. Wametuletea Radjabu."

Mkasi ukamtoka mkononi.

"Na hata pa kumuzika karibu na wazee wake hakuna," Ilyasi akasema.

"Na ile posa?" Houda aliona haya kuuliza, akauliza.

"Nakupenda. Mungu anajua. Lakini kila nikikuangalia nitamuona yeye. Kata, Houda."

Akaokota mkasi, akakata, machozi yakidondokea kitambaa. Nyuma yake Mzee Suud alifungua mdomo atoe pole, akaishia kumshikia bintiye ncha ya kitambaa.