Vumbi la Msasa Nyumbani kwa Wamae

Wachuka hakuweza kupumua vizuri. Sababu ilikuwa vumbi la mbao.

Mumewe, Wamae, alikuwa seremala wa Gatitu. Alifanyia kazi katika chumba kilichopakana na jikoni. Mwaka wa 1984 alinunua mashine ya umeme ya kupiga msasa. Wachuka alishika mbao, Wamae akaendesha mashine. Dirisha lilifungwa daima. Kuku wao walitandikiwa unga wa mbao, na Wamae hakutaka upepo uubebe.

"Fungua, Baba Theuri," Wachuka alimwomba mumewe. "Kifua kinabana."

"Nikifungua, kuku watalalia nini? Maombi yako?"

Mwezi wa Julai Wachuka alikohoa mpaka akaanguka. Daktari akasema akae mbali na vumbi. Lakini angekaa wapi? Vumbi lilikuwa hata kitandani.

Jirani yao Mbaabu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha fanicha mjini. Siku moja alikuja kuchukua kiti chake, akakaribishwa chakula. Akatazama sahani ya mahindi na maharagwe, iliyotapakaa vumbi la mbao.

"Ati hii ni githeri? Naona mnakula meza."

Wamae hakucheka. "Nikiacha kazi, hata hiyo meza tutaipata?"

"Nani amesema uache? Vuta vumbi pale linapotoka. Tafuta mashine ya kufyonza vumbi."

"Ile ya kusafisha zulia? Mimi hata zulia sina!"

"Lakini mke unaye."

Wiki iliyofuata Wamae alipata mashine kuukuu kwa mwenye hoteli mmoja, wakabadilishana kwa kitanda.

Bomba lake lilikuwa pana kuliko tundu la kutolea vumbi kwenye mashine ya msasa. Mbaabu akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaunganisha, akakaza kwa mpira.

"Washa hii kwanza, kisha msasa. Ukimaliza, zima msasa, hii iendelee kuvuta kidogo. Mfuko ukijaa hauvuti tena. Umwage nje, mbali na moto. Vumbi hili huwaka haraka."

"Sasa naweza kufunga dirisha?"

"Wewe Wamae, kichwa chako ni cha mbao? Fungua! Na ufunike pua. Vumbi laini usiloliona ndilo linaloshuka ndani kabisa ya kifua. Sakafu usiifagie kavu, ifyonze. Na Mama Theuri asiingie humu."

"Na kuku?"

"Wape maranda, yale makubwa ya randa. Hayapeperuki."

Wamae alifanya hivyo. Kufika Desemba, Wachuka aliweza kulala chali. Kabla ya hapo alikuwa akilala ameketi.

Mashine iligharimu kitanda kimoja na kipande cha tyubu. Kufungua dirisha hakukugharimu kitu. Kuchelewa kuligharimu kifua cha Wachuka. Zamani alipanda kutoka mtoni na debe la maji mgongoni bila kusimama. Sasa anapumzika mara mbili.