Diski Iliyopona

Asubuhi hiyo rangi ya njano kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa imegeuka buluu, na Jeannette akamshukuru Mungu. Watu hushukuru upesi kabla ya kuuliza.

Kompyuta ile kuukuu ndiyo iliyolisha nyumba yake pale Mweso, Masisi. Katika chumba cha mbele, yeye na binti yake Falone waliwachapia watu barua na mialiko ya harusi. Fundi Darius aliwawekea programu ya kupima afya ya diski: buluu ni nzima, njano ni mgonjwa, nyekundu ni kifo. Diski ilikuwa njano tangu Hubert, mume wa Jeannette, afariki. Ndani yake mlikuwa na sauti ya Hubert akijaribu kipaza sauti cha kwaya, na haikubaki mahali pengine popote. Jeannette aliisikiliza kila siku. Hakulia tena. Alisikiliza tu, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Darius alipokuja kukagua, alitazama kioo, akatikisa kichwa.

"Mama, diski haiponake."

"Ya kwangu imepona."

"Inazeekaka tu, sawa muntu."

Akaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, lakini ilikuwa baridi. Ile tak-tak yake ya zamani haikusikika. Ilisikika pumzi, ikiingia na kutoka, pamoja na harufu ya udongo mbichi. Darius akafunga begi lake bila kudai malipo, na fundi asiyedai malipo ni wa kuogopwa.

Tangu hapo Falone akaanza kukonda. Alisema haumwi, na kweli hakuwa na homa, alikuwa na baridi tu, na kadiri mikono yake ilivyozidi kupoa ndivyo buluu ilivyozidi kukolea kwenye kioo, na Jeannette aliyaona yote mawili lakini akayatenga kichwani, kwa sababu yangekutana angelazimika kuchagua, naye hakuwa na nguvu ya kuchagua, hivyo akampa binti maziwa ya moto, akarudi kuisikiliza sauti, huku pumzi ya mashine na pumzi ya mtoto nyuma yake zikienda pamoja.

Dada yake Hubert, Tantine Augustine, alifika kutoka Walikale kuwasalimia. Akamgusa Falone shavuni, akaondoa mkono haraka.

"Siku ya kumaliza kilio," akanong'ona, "ile mashine mulitosha inje?"

Katika ukoo wao, kitu alichokishika marehemu mwisho hutolewa uani kinyeshewe, ili mwenyewe akate tamaa aende zake. Cha mwisho mkononi mwa Hubert kilikuwa kompyuta, lakini mvua huua kompyuta, nani asiyejua?

"Nilitosha klavie tu, ile ya kuchapia, Tantine."

"Klavie! Njo vile ulimufungia Hubert ndani, sasa iko anakula mutoto."

"Ni baba yake."

"Mufu hajue mutoto. Anajua njaa."

"Sauti yake iko mule."

"Basi chagua, Jeannette."

Falone alikuwa amelala mezani mchana kweupe, midomo ya kijivu. Jeannette akamwita Darius aifungue mashine, akaibeba diski mwenyewe, akaiweka kwenye tope la uani. Mvua ya Masisi haibembelezwi. Iliipiga diski mpaka ikazama, na Tantine Augustine akamwaga majivu kizingitini ili marehemu asirudi, akisali.

Mvua ilipokatika, Falone aliamka. Mikono yake ilikuwa na joto. Akaomba bugali na maharage, akala kama mtu aliyetoka shambani, na Tantine akaanza kuimba wimbo wa shukrani. Falone akafuta mdomo, akainua macho, akasema kwa sauti nzito ya mwanaume:

"Jeannette, juu ya nini muliniweka ku mvua?"

Tantine alikimbia, akiacha viatu vyake. Jeannette hakuondoka. Alijua mtoto wake yumo mle ndani, analiwa. Lakini kilichomjia kwanza moyoni kilikuwa furaha, na akaona haya. Akavuta kiti karibu.

"Sema tena," akamwambia.